Samli kwenye Ngozi ya Mama

Ulikuwa ni mkunjo ulio chini ya titi la mama ulionitia hofu. Kwingine kote ngozi ilikuwa imekuwa nyeusi tu, kavu, yenye kumeta kama ya mtu aliyekaa karibu mno na jiko, na hilo nilikuwa nimeshaambiwa nilitarajie. Lakini pale chini, mahali titi linapolalia kifua, jasho lilikuwa halikauki, na ngozi imeanza kulowa na kugeuka rangi ya nyama. Ilikuwa na harufu. Haikuwa harufu ya kidonda bado, ila ya kitambaa kilichosahauliwa ndani ya ndoo. Kila mama alipoinua mkono nimtazame, nilijikuta nimebana pumzi, kisha nikajiuliza kama ameniona nikibana, kisha nikavuta pumzi kwa nguvu ili aone kuwa sikubana, na hapo harufu yote ikaniingia.

Mama alikuwa ametolewa uvimbe kwenye titi la kushoto, na sasa alikuwa akipigwa mionzi Mombasa kila siku ya kazi, mwisho wa wiki akipumzika. Tulikaa kwa jamaa huko. Mimi ndiye niliyefuatana naye kwa kuwa nilikuwa nimemaliza chuo na sina kazi, na katika ukoo wetu msomi asiye na kazi ni mali ya wote. Muuguzi alinieleza mara moja jinsi ya kuitunza ngozi, nami nikamrudisha nyuma mara kadhaa mpaka akaanza kunijibu akiwa anaangalia mlango. Tuoshe kwa maji ya uvuguvugu na kiganja cha mkono, si kwa kitambaa. Sabuni iwe haina manukato. Tukaushe kwa kugusagusa, tusisugue. Krimu waliyotupa ipakwe nyembamba, na isipakwe palipochubuka. Poda, marashi na mafuta ya nyumbani tuyaache, na jua tulikimbie. Kisha kulikuwa na ile mistari ya zambarau waliyomchora kifuani, inayoonyesha mahali mashine inapolenga. Isifutike. Ikififia, tusiichore wenyewe, turudi waichore wao.

Ijumaa moja, zikiwa zimebaki kama wiki mbili amalize, mama alisema anataka kwenda kulala kwenye kitanda chake Garsen. Nilimpa sababu zote za kutokwenda. Alinisikiliza huku akifunga begi.

"Na nikwambie mapema," alisema tulipokuwa njiani, tumeshaipita Malindi. "Hii ngozi ikipasuka, mimi huko sirudi. Wamenichoma vya kutosha. Hata samaki akishageuzwa huondolewa motoni."

"Mama, ukikatiza dawa katikati..."

"Nimekwambia."

Mama si mtu wa kurudia neno. Basi nikaelewa kwamba matibabu yake yote, upasuaji, sindano, nywele zilizokatika, yalikuwa yamening'inia kwenye kipande cha ngozi kisichozidi upana wa kiganja, na kwamba kipande hicho kilitakiwa kifike Jumatatu kikiwa kizima.

Garsen ilitupokea kwa joto lake. Pale nyumbani hata kivuli hutoa jasho. Kitu cha kwanza nilichopigana nacho ni leso. Mama, kama wanawake wote wa kwetu, akiwa ndani hujifunga leso kifuani, akaikunja ukingo na kuuchomeka pembeni, chini ya kwapa, na ukingo ule ulikuwa unasugua palepale. Nilimvua nikamvalisha kanzu ya marehemu baba, ya pamba, pana, iliyolainishwa na miaka ya kufuliwa. Alijitazama akacheka. Dada yake mkubwa, ambaye mimi humwita mama mkubwa, alipoingia kutoka kijiji cha Kulesa na mkungu wa ndizi, alisimama mlangoni akaweka mkono kiunoni.

"Haya, tumepata imamu mpya. Imamu, tuswali saa ngapi?"

"Kaa chini, wewe ambaye hata udhu huna," mama alimjibu.

Ilikuwa raha kumsikia hivyo. Haikudumu. Kwetu mtu haji kumtazama mgonjwa akamtazama kwa macho tu. Huja na kitu mkononi, na mkono wenyewe ni lazima ufike panapouma, la sivyo ataonekana amekuja kuhesabu siku za mwenzake. Jumamosi asubuhi wanawake walianza kuingia, na kila mmoja, baada ya salamu na pole, alisema, "Hebu nione." Mama, ambaye maisha yake yote hajawahi kuonekana hata bega akiwa nje, aliivuta kanzu juu akawaonyesha. Walisikitika. Kisha wakanyoosha vidole.

Nilianza kuziona kucha. Sijui kama kuna mtu mwingine ambaye amewahi kukaa kwenye kona ya chumba cha mama yake akitazama kucha za watu wazima wanaomheshimu. Mmoja alikuwa na unga mkavu. Mmoja alikuwa ametoka kupaa samaki, magamba mawili yamemganda kwenye kifundo cha mkono kama sarafu ndogo. Mmoja alikuwa amejipangusa pua kwa kidole kilekile, nilimwona, kisha kikashuka polepole kwenye titi la mama na kubonyeza, kama mtu anayepima embe. Nilitoka nikaleta bakuli la maji na sabuni, nikaliweka karibu na mlango na kusema kwa sauti ndogo kwamba hospitali imeagiza wageni wanawe.

Jirani yetu wa Kiorma ndiye aliyekuwa anaingia. Yeye huuza maziwa na samli sokoni, na urafiki wake na mama ulianzia kwenye ugomvi, mifugo yake ilipoingia shambani kwetu. Alilitazama bakuli, akanitazama mimi.

"Mimi nanuka?"

"Hapana, mama. Ni hospitali."

"Hospitali iko hapa?"

Alinawa, lakini alinawa kwa namna ya kunionyesha kwamba ananawa. Mama alinikata jicho. Nilijilaumu, kisha nikajiuliza kama ningeyapanga maneno vingine, kisha nikayatunga hayo maneno mengine, mazuri sana, yakiwa hayana tena kazi.

Saa nne hivi niligundua kwamba ile sabuni isiyo na manukato nilikuwa nimeiacha Mombasa, juu ya dirisha la bafu. Nilisimama na begi limemwagwa kitandani. Nikienda dukani nitamwacha mama na wageni. Nisipokwenda, ataogeshwa kwa sabuni ya nyumbani, ile ya kipande yenye harufu ya waridi. Niliwaza hivyo muda mrefu kiasi kwamba ningekuwa nimeshakwenda na kurudi. Mwishoni nilimwomba mama mkubwa amwangalie, asiruhusu apakwe chochote.

"Mimi ni mtoto?" aliniuliza. "Nenda."

Niliingia duka moja baada ya jingine pale njia panda. Katika duka la tatu au la nne, mwenye duka, mzee wa Kisomali, alinisogezea sabuni moja moja, nami nikazinusa zote mbele yake kama mbwa.

"Dada, wewe nataka sabuni isiyonukia. Sasa itafanya kazi gani?"

"Ni ya mgonjwa."

"Mgonjwa ndio nataka kunukia."

Alipata moja nyuma ya katoni, ya watoto wachanga, vumbi limeikaa. Nilisoma maandishi yake yote nikiwa nimesimama juani, kisha nikayasoma tena. Nilirudi nikiwa nimefurahi.

Nilianza kuisikia harufu nikiwa bado uani. Samli ya Waorma huhifadhiwa kwenye chombo kilichofukizwa moshi wa mti, na ikikaa hupata uchachu fulani wa maziwa ya zamani, moshi na ngozi ya mnyama. Kwenye wali, kidogo, ni tamu. Ndani ya chumba kilichofungwa, kwenye joto lile, ikiwa imepakwa juu ya mwili wa mtu, ilikuwa kama kuingia tumboni mwa ng'ombe. Nilifungua mlango mkono ukiwa mdomoni.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, kanzu imeshushwa kiunoni. Jirani alikuwa na kibuyu mapajani, na mama mkubwa amechuchumaa kando yao. Kifua kizima cha mama kilikuwa kinang'aa, kimechuruzika mpaka tumboni, na nzi wawili walikuwa wameshafika.

"Hii samli si ya duka," jirani aliniambia kabla sijasema. "Ya ng'ombe yangu. Mtu ikiungua na moto, sisi napaka hii, napona."

"Nilimwambia," mama alisema. "Nilimwambia ng'ombe zako zimekula mahindi yangu tangu nikiwa msichana, leo unataka kunipaka mafuta yao."

"Mahindi yako inarudi kwako," jirani akasema, na wote watatu wakacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona dodoki. Lilikuwa mkononi mwa mama mkubwa, limelowa, na kwenye nyuzi zake kulikuwa na vitu vyeusi vilivyojikunja kama maganda ya kitunguu. Mbele yake kulikuwa na bakuli la bati lenye maji. Maji yalikuwa na rangi. Yalikuwa ya zambarau hafifu, na juu yake macho ya samli yakizunguka, na kati ya macho hayo yakielea vipande vyembamba vya ngozi ya mama.

Nilitazama kifua. Mstari wa katikati ulikuwa umebaki kivuli. Ule wa pembeni haukuwepo. Na chini ya titi, pale nilipopalinda tangu Ijumaa kwa kanzu na kwa kelele, palikuwa pamechunika, pamekuwa pekundu na pakitoa maji.

"Mama mkubwa, umefanya nini?"

"Samli iliyeyusha maandishi," alisema, bila haraka. "Niyaache yapotelee kwenye kitambaa? Nimeyaosha yote, nimeyakusanya. Maandishi ya tiba hayamwagwi chooni, mwanangu."

Ilinichukua muda kuelewa, kisha nikaelewa yote mara moja. Tangu utotoni nimewaona wagonjwa wetu wakiletewa kombe: aya zimeandikwa kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, na maji yale yakanywewa. Hata mimi nilinyweshwa kabla ya mtihani. Kwa mama mkubwa, mtabibu akiandika, amemwandikia mgonjwa ayanywe. Huyu wa Mombasa alikuwa ameandika juu ya mwili badala ya sahani, basi. Alichota kikombe kutoka kwenye bakuli, akampa mama kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Hiyo si kombe," nilisema. "Ni kalamu. Ni alama, kama fundi anavyopiga chaki kwenye kitambaa asikikate vibaya."

"Na umejuaje kwamba aliyechora hakusoma kitu?"

Kwa kweli sikuwa najua. Nilianza kulifikiria hilo swali, ndivyo nilivyo, huku mama ameshakifikisha kikombe kidevuni.

"Mama, humo mna ngozi yako."

Alisimamisha mkono. Alitazama ndani ya kikombe. Kipande kimoja kilikuwa kimeganda kwenye ukingo, karibu na mdomo wake, na kilikuwa na kitundu kidogo cha kinyweleo. Mate yalinijaa mdomoni, yale mate ya chumvi yanayokuja kabla ya kutapika. Mama alimgeukia dada yake.

"Onja wewe kwanza."

"Mimi si mgonjwa."

"Onja tu, uone kama imekolea."

Mama mkubwa alikipokea kikombe. Alikitazama kwa muda, akakirudisha kwenye bakuli polepole, kama mtu aliyekumbuka jambo jingine.

"Basi hata wewe unaona kinyaa," mama alisema. "Mnanipa mimi."

Hakuna aliyecheka safari hii. Jirani alifunga kibuyu chake akasema atarudi. Mama alijitazama chini ya titi, akagusa pale palipochunika, akakiinua kidole chenye maji na kukitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Imepasuka," alisema. "Nilikwambia nini njiani?"

Nilijaza maji ya uvuguvugu kwenye beseni. Nilimwosha kwa ile sabuni ya watoto, kwa kiganja, kuondoa samli, na samli haiondoki kwa sabuni ya watoto. Ilitanda, ikarudi, ikanifika viwikoni. Ilibidi nipitishe kiganja mara nyingi penye ngozi hai, nikasikia jinsi inavyoteleza, na kila mara mama alipovuta hewa kwa meno nilitaka kukimbia. Sikukimbia, lakini si kwa upendo tu. Nilikuwa nikifikiria nani angemalizia kama si mimi, na jibu lilikuwa limekaa barazani na dodoki. Kisha kulikuwa na kalamu. Ndani ya begi langu nilikuwa na kalamu ya wino mzito, karibu rangi ileile. Nilijua ulipopita ule mstari; nilikuwa nimeutazama kila siku. Nikifuata kivuli kilichobaki, nani atajua? Nilifungua kifuniko. Nikawaza mashine ikilenga pembeni kwa upana wa wino wangu, ikimchoma moyo badala ya titi, nikaifunga kalamu, nikaitupa uvunguni nisiifikie kirahisi.

Jumapili mama aliamka kanzu imemgandia. Tuliilowesha kwa maji ya chumvi kidogo yaliyochemshwa na kupoa, ikaachia kwa sauti ndogo ya kunata ambayo siwezi kuieleza bila kuisikia tena. Nzi waliijua nyumba sasa. Niliwapunga, wakatua, nilifunga dirisha, chumba kikawa tanuri. Mgeni mmoja aliingia, akavuta hewa, akasema "Mashaallah, mnapika samli," kisha akaona ni mama. Akakaa kidogo tu. Lakini kabla hajaondoka alinyoosha kidole.

Mama aliukamata ule mkono katikati ya safari yake, kwa upole.

"Hapana, dada. Jana walitosha."

Yule mgeni alipotoka, mama alimtazama nzi aliyekuwa akitembea kwenye ukingo wa kanzu, akisugua miguu yake ya mbele.

"Unajua ninanukaje?" aliniuliza. "Ninanuka kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa ikanyeshewa. Usiku nilijisikia mwenyewe nikageuza uso. Utamgeuzia nani uso kama ni wewe mwenyewe?"

Nilimfukuza yule nzi kwa ncha ya leso.

"Nilidhani nikija kwangu nitakuwa mtu. Nimekuwa sufuria, kila mtu anachovya." Alijifunika. "Kule wananichoma, lakini anayenigusa amevaa glavu. Wala haniambii hebu nione. Funga begi."

"Ulisema ikipasuka hurudi."

"Nilisema kabla sijaona hapa kukoje. Funga begi kabla dada yangu hajarudi na kitu kingine."

Mama mkubwa alirudi tukiwa tunatoka. Hakubeba kitu. Alimvuta mama pembeni, na nilimsikia akisema kwamba yale maji hakuyamwaga chooni, ameyamwaga kwenye shina la mgomba. Mama alimwambia ndizi za mgomba ule asimletee. Walishikana mikono kwa muda, kisha mama akauvuta wa kwake akajipangusa kwenye kanzu, nadhani bila kujua amejipangusa.

Mombasa, yule kijana anayeendesha mashine alipofungua kanzu alirudi hatua moja. Ilikuwa harufu. Alijikaza, akamwita daktari. Daktari aliuliza ni kitu gani kilichopakwa, nikamwambia, akaniuliza tena kana kwamba hakusikia. Walisimamisha mionzi siku chache mpaka pale chini paanze kushika ngozi, wakatupa vitambaa maalumu visivyogandia kwenye kidonda, kisha wakampima upya na kumchora mistari mipya. Mama alilala chali, mikono juu ya kichwa, kifua wazi mbele ya watu watatu wasiojua jina lake bila kusoma jaladani, akatazama dari. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anawaza kuhusu kikombe, na kwamba kile kipande kilichoganda ukingoni ndicho kilichomfanya atulie: angalau huku hakuna aliyemtaka anywe ngozi yake. Aliendelea na mionzi mpaka akaimaliza.

Wengi huniambia nilimtunza vizuri, na hapo husubiri niseme kwamba nilizoea. Sikuzoea. Kila jioni nilikibandua kile kitambaa, na kila jioni kilitoka na ute wa manjano uliovutika kama uzi wa bamia, na kila jioni nilikuwa na hakika kwamba leo ndiyo siku ambayo uso wangu utanisaliti. Siku moja ulinisaliti kabisa. Kitambaa kilivuta kipande cha ngozi, nikageuka ukutani na kushika mdomo.

Mama alikuwa ameinua mkono, titi limeshikiliwa kwa ule mwingine, ananingoja. Hakukasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka kungoja maji yachemke.

"Nenda katapike," alisema. "Kisha unawe, urudi umalizie."